Muulize Bwana Mifugo: Mayai ya kuchi yasiyoanguliwa

SWALI: Ndugu Bwana Mifugo, marehemu baba yangu alifuga kuchi, aina ya kuku wa kienyeji, huko Tabora, na baada ya matanga ndugu zangu walinigawia mayai 30 ili nianzishe kizazi chake hapa Dar es Salaam. Mayai hayo yalikusanywa kwa zaidi ya wiki mbili, yakasafiri kwa basi, nami nikayaingiza siku ileile katika mashine ya kutotolesha niliyotengenezewa na fundi wa mtaani. Umeme ulikatika mara tatu. Siku ya 20 nilisikia milio, nikawa nafungua mashine mara kwa mara ili kuwasaidia waliochelewa. Nimepata vifaranga 9 tu. Je, mashine ni mbovu au mbegu ya kuku hawa imechoka?
*Msomaji wa Mbagala*

JIBU: Dada, pole sana kwa msiba, na hongera kwa vifaranga 9, kwa sababu kwa safari ambayo mayai hayo yamepitia, idadi hiyo si ndogo. Kabla ya kulaumu mashine au mbegu, fanya kazi moja ambayo wafugaji wengi huikwepa kwa sababu ya harufu: vunja kila yai lililobaki, moja baada ya jingine, utazame ndani. Yai ambalo ute na kiini chake viko wazi bila dalili yoyote ya damu huenda halikupandwa na jogoo, au uhai wake ulikoma mapema mno kuonekana kwa macho. Yenye pete ya damu yalikufa katika siku chache za mwanzo, na hapo mtuhumiwa wa kwanza ni uhifadhi wa muda mrefu, mtikisiko wa safari au joto lililopanda ghafla. Ukikuta kifaranga aliyekamilika ambaye hakutoboa ganda, au aliyetoboa akakaukia humohumo, tafuta kosa katika unyevu, joto na ugeuzaji wa mayai.

Mayai ya kutotolesha yasizidi siku 7 tangu kutagwa. Baada ya hapo, kila siku inayopita hupunguza uwezekano wa kuanguliwa, hasa katika joto la nyumba zetu, kwa kuwa yai huhifadhika vizuri penye nyuzi 13 hadi 18 za Selsiasi, yaani mahali penye ubaridi wa wastani na pasipo upepo, wala si kwenye jokofu. Yaliyosafiri yapumzishwe kwa muda wa saa 12 hadi 24, ncha nyembamba ikitazama chini, ili chumba cha hewa kilichopo upande butu kitulie kabla ya kuyaingiza kwenye joto. Wewe uliyaingiza siku ileile, na ninaamini hapo ulipoteza mayai kadhaa.

Mashine yenye feni ihifadhi nyuzi 37.5 hadi 37.8. Usiamini kipimajoto kilichokuja na mashine mpaka ukilinganishe na kile cha kupimia homa, vyote viwili vikiwa ndani ya maji ya uvuguvugu, kwa sababu tofauti ya nyuzi moja tu inatosha kuharibu kazi ya wiki tatu. Umeme unapokatika usifungue mlango kuchungulia, bali ifunike mashine kwa blanketi, ukiacha matundu ya hewa wazi, na ikiwezekana weka ndani jerikeni ndogo ya maji ya moto mbali na mayai. Kiinitete huvumilia kupoa kwa saa chache kuliko kinavyovumilia joto kuzidi, ndiyo maana kuku koo mwenyewe huinuka kiotani kila siku kwenda kula, kunywa na kuoga vumbi, na mayai yake hayafi.

Geuza kila yai mara 3 au 5 kwa siku hadi siku ya 18, kisha acha kabisa. Katika siku hizo 18 unyevu uwe kati ya asilimia 50 na 55, na siku tatu za mwisho upandishe hadi asilimia 65 au 70. Asiye na kipima unyevu atumie mizani ya jikoni: yai lililoingia na gramu 50 linapaswa kuwa limepungua gramu 6 hivi ifikapo siku ya 18. Likipungua kidogo kuliko hapo, chumba cha hewa hubaki kidogo na kifaranga huzama katika majimaji yake. Likipungua kupita kiasi, utando hukauka na kumbana. Ndiyo maana kufungua mashine siku ya 20 kulikuwa kosa kubwa kuliko yote uliyoyataja, maana kila ulipoinua mfuniko unyevu ulitoka wote, na wale uliotaka kuwasaidia wakagandishwa na utando. Kifaranga aliyetoboa ganda anaweza kupumzika kwa saa nyingi, hata kufikia siku nzima, huku akivuta kiini na damu iliyobaki kwenye mishipa ya ganda. Mwache.

Kuhusu mbegu kuchoka, swali lako ni la maana, ingawa jibu lake liko Tabora. Waulize ndugu zako kama jogoo ni mtoto wa matetea haohao, kwa sababu kuku wa damu moja wanaopandana kwa vizazi kadhaa hutoa mayai yanayokufa ndani. Jogoo wa kuchi ni mrefu na mzito, na hupigana kuliko kupanda anapokuwa na mwenzake karibu. Mpe matetea 6 hadi 8 na umtenge na majogoo wengine. Mkileta jogoo mgeni, msikusanye mayai ya kutotolesha mpaka zipite wiki tatu, kwani tetea huweza kuhifadhi mbegu ya jogoo wa zamani kwa wiki mbili au zaidi.

Tena ningekushauri, kwa kizazi cha urithi kama hiki, usiitegemee mashine peke yake. Katika vifaranga wako tisa, tetea watakaokua na kuatamia wenyewe ndio hazina. Wanapoanza kuatamia kwa siku tofauti, waachie yai la kudanganyia kila mmoja, kisha siku ambayo watatu wametulia viotani wawekee wote mayai mapya kwa wakati mmoja, jioni, kila koo mayai yasiyozidi 12. Siku ya 7 yamulike mayai kwa tochi gizani, uondoe yasiyo na mishipa. Watakapoangua, vifaranga wote wanaweza kukabidhiwa koo wawili, na wa tatu akarudi kutaga mapema.

SWALI: Nimesikia maisha yangu yote kwamba kuku wa kienyeji ni mgumu na hahitaji dawa. Nimetotolesha vifaranga 40 wa kienyeji halisi kwa mashine, lakini katika wiki ya tatu na ya nne wamekufa 26, wengine wakihara damu. Ugumu wao uko wapi?
*Msomaji wa Singida*

JIBU: Ndugu yangu, ugumu huo upo, ila kifaranga hazaliwi nao wote. Kuku mkubwa tunayemwona akipekua jalala ni yule aliyebaki hai baada ya wenzake wengi kuliwa na mwewe au kufa kwa ugonjwa wa mdondo (kideri), na utotoni alilelewa na mama aliyempa joto, aliyemfundisha kula na kumhamisha kila siku kutoka ardhi moja hadi nyingine. Ulipomwondoa mama, kazi yake yote ilihamia kwako.

Dalili ulizoeleza zinafanana sana na kuhara damu kunakosababishwa na vimelea vya koksidia, ambavyo hushamiri katika matandazo yenye unyevu ambapo vifaranga wengi wanalala na kunya mahali pamoja. Chini ya koo vifaranga huonja vimelea kidogo kidogo na mwili ukajifunza kujikinga. Katika boksi lenye maji yaliyomwagika huvimeza kwa wingi mara moja. Badilisha matandazo yaliyolowa siku hiyohiyo, inua vyombo vya maji hadi usawa wa mgongo wa kifaranga, na waliougua wapewe dawa yenye amproliamu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Peleka mzoga mmoja uliokufa karibuni kwa daktari wa mifugo wa wilaya ili aupasue na kuthibitisha.

Joto la bruda, yaani mahali pa kulelea vifaranga, lianzie nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, likishuka kama nyuzi 3 kila wiki. Vifaranga wakijikusanya chini ya taa wana baridi; wakiikimbia huku wakihema, punguza. Pumba tupu haiwatoshi, kwa kuwa chakula cha kuanzia kinahitaji protini ya asilimia 20 hivi, na dagaa waliosagwa pamoja na mchwa husaidia sana.

Chanjo usiiache. Kinga ambayo kifaranga huipata kwa mama kupitia kwenye kiini cha yai hufifia ndani ya wiki chache za mwanzo. Chanjo ya mdondo aina ya I-2 hudondoshwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi 3. Ilichaguliwa kwa ajili ya vijiji kwa kuwa huvumilia joto kuliko chanjo nyingine, ingawa nayo haipaswi kuachwa juani. Chanja kuku wazima tu. Ya ndui huchomwa kwenye utando wa bawa.

SWALI: Je, nikimpandisha jogoo chotara kwa matetea wangu wa kienyeji nitapata kuku wakubwa na wagumu?
*Msomaji wa Tanga*

JIBU: Kizazi cha kwanza mara nyingi hukua haraka na matetea wake hutaga zaidi, lakini wengi hupunguza hamu ya kuatamia, na watoto wao wakipandana wenyewe kwa wenyewe hutoka wa kila aina. Ukitaka nyama, fanya hivyo katika banda la pembeni, na uwaache angalau matetea 6 na jogoo 1 wa asili wasiochanganywa, wakiwa na uzio wao.