Uyoga umekwenda wapi? Majibu kwa wachumaji wa porini

Mama muuzaji wa uyoga, njia ya Kipushi: Zamani nilijaza beseni kabla ya jua kuwa kali. Sasa natoka alfajiri na kurudi na nusu ndoo. Mvua imenyesha, uyoga uko wapi?

Mama, tazama visiki kabla ya kulaumu mvua. Uyoga mwingi tunaoula Lubumbashi hauishi peke yake. Nyuzi zake zimeshikana na mizizi ya muputu, mutondo na miti mingine ya miombo, pori letu la asili: mti huupa sukari, nao huuletea mti maji na rutuba. Mti ukiingia kwenye tanuru la makala, yaani makaa ya kupikia, uyoga hukosa mlo wake. Ndiyo sababu huwezi kuupanda shambani kama mihogo.

Uyoga wa kichuguu ni habari nyingine. Huo hulimwa na mchwa, na aina moja hufungua kofia ya karibu mita 1. Kichuguu kikivunjwa ili kufyatua matofali, umepoteza na bustani iliyomo ndani.

Najua makala ndiyo yanayolipa karo, na umeme wa mjini hukatika. Lakini miombo ina huruma: kisiki kisipong'olewa wala kulimwa, huchipua. Kubalianeni kijijini sehemu gani ya pori ipumzike miaka mingi, na mchoma makala asiiguse hata akija na pesa mkononi.

Baba mkulima, njia ya Likasi: Vijana huangusha mti mzima kwa ajili ya viwavi vya kula vilivyo juu. Nikiwakemea, husema mti ni wa Mungu.

Baba, endelea kuwakemea. Nondo wa mwakani atataga mayai kwenye majani gani? Watumie upondo, wapande, watikise matawi. Na viwavi vinavyoshuka vyenyewe mwisho wa msimu waviache: vinakwenda kujizika ardhini vigeuke nondo. Jirani zetu Wabisa wa Zambia wana desturi ya kuchunguza kwanza viwavi vimekua kiasi gani, ndipo uchumaji huruhusiwa. Chifu wako anaweza kufanya hivyo hivyo.

Kijana wa Kasenga: Tuchome pori mwezi gani?

Kama ni lazima, mwezi wa tano au wa sita, nyasi zikiwa na unyevu. Moto wa mwezi wa tisa huunguza majani machanga.

Dada wa Kambove: Nimesikia mbegu za msonobari huuzwa ghali Ulaya. Nifyeke hekta yangu ya miombo nipande misonobari?

Dada yangu, hapana. Mbegu hizo kubwa za Ulaya hutoka kwa Pinus pinea, mti wa pande za Mediterania. Misonobari inayopandwa Afrika kwa mbao, kama Pinus patula, ina vijimbegu vyenye mabawa, havina cha kutafuna. Na hata huko wachumaji wanalia. Mdudu Leptoglossus occidentalis, mwenye asili ya Amerika Kaskazini, alionekana Italia mwaka 1999, kisha akaenea hadi Lebanoni. Hufyonza mbegu ndani ya koni, yaani tunda gumu la msonobari, mchumaji akabaki na maganda. Koni huchukua miaka 3 kukomaa, basi hasara ya leo huonekana hata mwakani.

Ukitaka misonobari kwa mbao, ipande kwenye shamba lililochoka. Hekta ya miombo iache isimame.