Mume, mke na ndege iliyoko gereji: nawajibu mlioniuliza

Haya jamani, tangu niropoke kwamba mimi na baba watoto tunajenga ndege kwenye gereji ya nyumba yetu hapa Texas maswali hayaishi, wengine mnauliza kwa nia njema, wengine mnatafuta umbea tu, nawajibu wote humu humu. Kwa wageni: mimi nesi wa zamu za usiku, mwenzangu fundi AC, watoto wawili, mkopo wa nyumba tunao kama nyie. Ndege ni Van's RV-9A, viti viwili mnakaa ubavu kwa ubavu. Huu mwaka wa nne. Mkia na mabawa tayari, bodi inaendelea, injini bado.

Shikamoo dada. Hiyo ni ndege kweli au mdoli mkubwa? Serikali inakubali mtu ajitengenezee ndege kama anavyochonga kitanda? (Msomaji, Mbeya)

Marahaba. Ndege kweli mdogo wangu, inaruka na watu. Sheria ya Marekani inakubali ujenge ndege yako kwa kujifunza au kujifurahisha, ila zaidi ya nusu ya kazi lazima ifanywe na nyie wenyewe, siyo fundi wa kulipwa, watu wanaita kanuni ya asilimia 51. Vipande vinakuja kwenye maboksi kutoka kiwandani Aurora, Oregon, kampuni aliyoianzisha Richard VanGrunsven, na ndege za RV za aina zote zilizokwisha ruka duniani zimepita elfu kumi, kwa hiyo siyo sisi tuliogundua wazimu huu. Bati limeshakatwa na matundu yameshatobolewa, kilichobaki ni wewe na mikono yako na muda, na muda ndo mwingi kuliko vyote. Ikiisha anakuja mkaguzi, anapekua ndege na makaratasi, ndipo mnapewa cheti cha kurukia.

Kitu kimoja tu, ndani lazima ubandike onyo kwa abiria kwamba ndege hii imejengwa na watu wasio wa kiwanda na haifuati kanuni za usalama za ndege za kawaida. Nilimtafsiria mama mkwe kwenye simu akakaa kimyaaa, halafu akasema akija Marekani kututembelea yeye atatumia basi. Yuko Moshi.

Mkiwa kazini humo mnagombana? Sema ukweli. (Mdaku, Nairobi)

Tunagombana sana, na nitakwambia ni wapi hasa, kwenye ribiti, vile vijipini vinavyounganisha mabati. Ndege yetu ina maelfu ya ribiti ngumu na nyingi zake mtu mmoja hawezi kuzipiga peke yake, hapo ndo utajua umeolewa na nani. Ribiti unaichomeka kwenye tundu la mabati mawili, upande wa nje mmoja anashika bunduki ya upepo inayogonga kichwa, upande wa ndani mwingine anaegemeza kipande cha chuma kizito kwenye mkia wa ribiti, ile kugongwa inafanya mkia ujibonye dhidi ya chuma na kuyabana mabati. Sasa bati liko katikati yenu, hamuonani. Mnasikizana tu. Chuma kikiteleza nusu nukta mkia unalala upande kama sigara iliyokanyagwa, na bunduki ikicheza inaacha alama kwenye bati kama kucha ya mwezi, na hiyo alama haifutiki, itakuangalia maisha yako yote.

Kwetu mimi ndo naingia ndani kwa sababu mikono yangu myembamba, baba watoto bega lake halipiti kwenye kitundu cha ukaguzi. Miezi ya mwanzo yeye alikuwa anajipigia tu bunduki anavyojisikia, anasema nishakwambia tayari, namwambia hujaniambia, ribiti kumi tunatoboa saba tunarudia. Kuna asubuhi nimetoka zamu, sijalala, tukapiga safu moja ya bawa la kushoto nikaharibu ribiti nne mfululizo, akasema kwa upole kabisa "mama, leo huko ndani unafanya nini?" Jamani. Niliweka chuma chini nikaingia ndani nikalala saa tisa nzima na chakula hakikupikwa.

Tulipoamka tukaweka masharti mawili na mpaka leo yapo ukutani kwa kalamu ya wino. La kwanza, hamna ribiti baada ya zamu ya usiku. La pili, mwenye chuma ndo bosi, kwa sababu yeye peke yake ndo anauona mkia ulivyokaa, unatakiwa utanuke mara moja na nusu ya unene wa ribiti na ubaki na kimo cha nusu ya unene huo, na mwenye bunduki hafyatui mpaka asikie "piga". Siyo "tayari", "piga". Tangu hapo tunaharibu chache mno, na nikiri nimenogewa kuwa bosi, naona hata kwenye mambo ya jikoni sauti imebadilika.

Dada, mume wangu kaona video zake huko anataka tuanze. Mimi namwambia tumalize kwanza nyumba yetu Kigamboni. Nani yuko sahihi? (Mama wawili, Minneapolis)

Nyumba imefika wapi? Kama iko kwenye lenta, mama, pauweni kwanza. Sisemi hivyo kwa sababu ndege ni ujinga, nasema hivyo kwa sababu ndege haina huruma, ni kama kuwa na mtoto wa tatu anayesoma shule ya kulipia. Yetu ikiisha na injini mpya hesabu ni dola laki moja kwenda juu, na ukitaka kuruka tu bila kujenga, Cessna ya zamani ya viti viwili inapatikana kwa bei ya chini ya hapo, kesho mnaruka. Anayejenga anajenga kwa sababu anapenda kujenga, mkiliruka hilo mtakuja kulaumiana.

Unafuu uliopo ni kwamba seti inauzwa kwa mafungu, mkia kwanza, halafu mabawa, halafu bodi, kisha vya kumalizia, kwa hiyo mnaweza kutulia mkia ukiisha mkaangaliana usoni. Sisi mkia tuliununua kwa hela ya mchezo wangu na manesi wenzangu, zamu yangu ya kupokea ilipofika. Injini ndo mnyama mwenyewe, hiyo ina akaunti yake, tunaweka wote kila mwezi na hakuna anayetoa bila mwenzie.

Na msikimbilie kulipa amana kubwa mbele. Desemba 2023 kiwanda hiki hiki tunachonunua kiliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, watu waliokuwa wametanguliza hela wakaambiwa wakubali bei mpya au waingie foleni ya kudai, kikatoka huko 2024 na kinaendelea na kazi. Sisi wakati huo mkia tulikuwa tumeshaupokea, tulipona kwa umaskini wetu tu.

Halafu kuna kitu nakunong'oneza. Mwambie mzee anunue kwanza ile seti ndogo ya mazoezi, bei yake ni ya kawaida, unajifunzia ribiti kwenye kisanduku au kipande cha bawa la kuigiza, mkifanye PAMOJA wikiendi mbili. Utajua kama mwenzio anataka ndege na wewe ndani yake, au anataka sehemu ya kujificha jioni.

Nina grini kadi, mke wangu raia. Ndege iandikwe jina la nani? Na mkiachana je? (Fundi umeme, Houston)

Umenichekesha, unaulizia talaka kabla ya bisibisi. Usajili hauna shida, FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, wanamkubali raia na mwenye ukaazi wa kudumu, na mnaweza kuandikishwa wote wawili kama wamiliki. Mtego uko kwingine. Kuna cheti cha mjenzi kinachokuruhusu kuifanyia ndege yako ule ukaguzi wa kila miezi 12 bila kumlipa fundi mwenye leseni, na kile kwa ndege moja anapewa mtu mmoja tu. Mmoja! Hata mkiwa mmejenga nusu kwa nusu. Kwetu anakichukua baba watoto, saa zake ni nyingi na mimi leseni ya kurusha ninayo, nikaona tusigombee kila kitu. Ila daftari la kazi tunajaza wote, kila ukurasa una herufi za aliyefanya na picha, ziko picha kibao za mikono yangu tu ikitokeza kwenye tundu kama nazama.

Kuachana: Texas mali mliyoichuma kwenye ndoa kimsingi ni ya wote, kwa hiyo nendeni kwa wakili mkaandikiane, na muandikiane pia mmoja akifa, maana kwetu hatupendi kulisema. Bawa huwezi kugawana.

Mmenikumbusha marubani Dick Rutan na Jeana Yeager. Walikuwa wapenzi, wakaanza kujenga Voyager kule Mojave, California, ndege ya kuzunguka dunia bila kuongeza mafuta, kazi ikachukua miaka mitano hivi, na mapenzi yakaisha kabla ndege haijaondoka. Wakaenda hivyo hivyo! Tarehe 14 Desemba 1986 waliruka kambi ya jeshi la anga ya Edwards, wakatua hapo hapo tarehe 23, siku tisa kwenye kichumba ambacho mmoja akirusha mwingine analala pembeni, dunia nzima chini yao, bara letu pia. Ndege yenyewe sasa iko makumbusho ya Smithsonian. Kila nikigombana na mwenzangu nawafikiria hao, siku tisa na eksi wako pua kwa pua na hamna pa kutokea.

Mke wangu anasomea urubani uwanja wa ndege wa Wilson. Mimi nikikaa pembeni kazi yangu ni kushika mkoba? (Mume mpole, Nairobi)

Wala. Kuna kozi za wenza wa marubani, chama cha marubani na wenye ndege huku, AOPA, kimeziendesha miaka mingi, unafundishwa kuishika ndege, kutumia redio, na kuitua salama kama mwenye usukani amezidiwa. Mwombe mwalimu wa hapo Wilson akupe masaa machache ya hivyo. Na njiani wewe ndo macho, unatafuta ndege zingine, unashika ramani, unasoma orodha ya ukaguzi kwa sauti. Na jambo hili huko kwenu lina historia, Martin na Osa Johnson, mume na mke kutoka Kansas, miaka ya 1933 na 1934 walizunguka Afrika Mashariki na ndege mbili za Sikorsky, moja wameipaka milia ya pundamilia nyingine mabaka ya twiga, na kabla ya kuja walijifunza kurusha wote wawili, Osa hakuja kushika mkoba.

Nipo Mtwara, naweza kujenga huku? (Kijana wa magari)

Anza na barua kwa TCAA, mamlaka ya anga ya Tanzania, kabla hujanunua hata skrubu moja, uliza wanaisajili chini ya utaratibu gani na nani atakagua hatua kwa hatua, majibu uyapate kwa maandishi. Jirani kabisa angalia ndege za Sling za Johannesburg, zinauzwa pia kwa vipande. Kuna mume na mke kule Essex, Uingereza, wahamiaji kama sisi, walijenga Sling ya viti vinne kipindi cha korona, kama miaka miwili hivi, wakaipa jina la binti yao. Halafu chagua injini ya Rotax, nyingi zinakunywa petroli ya gari ya kawaida, maana ukitegemea mafuta maalum ya ndege ndogo huko utajenga pambo.

Mtafanyia biashara? Mtakuja nayo Dar? Itatokaje gereji? (Wengi)

Hapana, abiria wa kulipa marufuku. Hapana, tanki ni galoni 36, bahari haijui hayo. Mabawa yanafungwa uwanjani, bodi inapanda trela, nimeshapima mlango mara tatu.

Nani ataipaisha mara ya kwanza? (Msomaji, Muscat)

Sa umegusa kidonda. Masaa ya mwanzo, 25 au 40 kutegemea injini na propela, ni ya majaribio, hubebi abiria, kwa hiyo miaka yote hii tumekaa bega kwa bega halafu siku yenyewe mmoja anabaki chini anaangalia juu. Leseni ninayo mimi. Baba watoto anataka tumpe rubani mzoefu wa ndege hizi aifungue, mshauri wa kujitolea wa EAA, chama cha wajenzi wa ndege, naye kasema bora nifanye kwanza masaa kadhaa na mwalimu kwenye RV ya mtu mwingine, na kichwani najua wako sahihi, ajali nyingi za ndege mpya zinatokea mwanzoni mwanzoni. Lakini kila ribiti ya humo ndani nimeiona mimi, hakuna mwingine aliyeiona. Nimekubali masaa ya mwalimu. Baada ya hapo nani anapanda, hatujamaliza, jana tumelijadili mpaka chai ikapoa.

Naishia hapa, leo niko off na nimelala vizuri, tuna ribiti sitini za sakafu na nasikia kompresa imeshaanza kunguruma huko gereji.