Mlio wa simu tu, na usingizi umekata

SWALI: Habari za kazi mhariri. Juzi usiku nimesikiliza mchezo wa zamani wa upelelezi wa redio ya Marekani, nikazima taa nikajua nalala, wapi, nilikesha na woga. Hakuna picha hakuna damu, hawa watu walikuwa wanafanyaje? Na mi mgeni kwenye haya mambo, nianze na upi?

JIBU: Pole kwa kukesha ila karibu sana, umeingia pazuri. Anza na Sorry, Wrong Number, ilirushwa mara ya kwanza 1943 kwenye kipindi cha Suspense cha redio ya CBS ya Marekani, aliandika Lucille Fletcher na mwigizaji ni Agnes Moorehead. Mama mgonjwa yuko kitandani peke yake nyumbani, anapiga simu, laini zinaingiliana, anasikia wanaume wawili wanapanga kuua mwanamke usiku huohuo. Basi. Karibu nusu saa nzima ni yeye na simu, anazungusha namba, inaita, iko bize, anambembeleza opereta, polisi hawamchukulii siriasi, na we unayemsikiliza huna pa kutoka kwa sababu unasikia anachosikia yeye tu, hujui mlangoni kuna nani. Mwisho sikwambii.

Halafu ukitoka hapo nenda Dragnet ya Jack Webb, yeye ndo aliyeibuni na kuiigiza, ilianza 1949 kwenye redio ya NBC, na hii ndo naipenda kuliko zote. Hadithi zilitoka kwenye kesi halisi za polisi wa Los Angeles, majina tu ndo yanabadilishwa, na Webb hakutaka mtu apige kelele, waigizaji wanaongea kawaida kabisa kama watu wa ofisini. Unasikia hatua kwenye korido, mlango, kiberiti, mtu anavuta pumzi kabla ya kujibu. Tafuta ile ya Krismasi 1949, mtoto kapotea na bunduki aliyonunuliwa iwe zawadi haionekani, yaani ukimya wa wale wazazi unauma kuliko risasi yoyote.

Kuhusu wanafanyaje, mafundi wa sauti walikuwa studio hapohapo na waigizaji, moto unaousikia ni karatasi laini ya plastiki inafinyangwa karibu na maiki. Na miaka mingi ilikuwa laivu, tena vipindi vingine vinachezwa mara mbili usiku mmoja, kwanza kwa watu wa mashariki mwa Marekani, baada ya masaa matatu wanarudia kwa ajili ya magharibi ambako saa ziko nyuma, ukikosea ndo imeenda.

Ukipenda kitu kirefu kuna Yours Truly, Johnny Dollar, mpelelezi wa bima anayesimulia kesi huku anaandika hesabu ya matumizi yake. Chukua zile za 1955 na 1956 alizoigiza Bob Bailey, kesi moja inagawanywa vipande vitano vya robo saa, Jumatatu mpaka Ijumaa. Sikiliza kipande kimoja kwa siku kama wenyewe walivyosubiri, usimalize vyote usiku mmoja.