Ameondoka na mwanamke mwingine: nianzie wapi kudai talaka?

SWALI: Shangazi Wakili, shikamoo. Niko Morogoro, nilifunga ndoa kanisani mwaka 2013 na tuna watoto watatu, mdogo ana miaka mitano. Mume wangu ni dereva wa malori. Mwaka jana alihamia Iringa kwa mwanamke anayeishi naye kama mke, na hafichi. Alishanipiga hadi nikashonwa mkononi, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) ninayo. Cheti cha ndoa alikichukua. Nimeambiwa mambo mengi: kwamba akikaa nje miaka miwili ndoa inakufa yenyewe, kwamba kwa kuwa mkosaji ni yeye nyumba yote inakuwa yangu, na kwamba yule mwanamke naye naweza kumshtaki. Hati ya nyumba ina jina lake peke yake, na nasikia anatafuta mteja. Mimi sina ajira, nilikuwa nyumbani na watoto. Naomba uniambie ukweli.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Aliyekwambia miaka miwili inaua ndoa alikudanganya. Ndoa hapa Tanzania haifi kwa kalenda. Ukikaa miaka kumi bila kumwona, bado ni mke wake mpaka mahakama itoe amri ya talaka. Hiyo miaka miwili nadhani ameiokota kwenye kifungu kinachosema huruhusiwi kupeleka ombi la talaka kabla ndoa haijatimiza miaka miwili, isipokuwa kwa kibali cha mahakama. Wewe ulishavuka zamani.

Sasa tuje kwenye kosa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haitoi talaka kama adhabu kwa mkosaji. Hakimu anajiuliza swali moja: je, ndoa hii imevunjika kiasi kwamba haiwezi kurekebishika? Ugoni, ukatili wa mwili au wa akili kwako au kwa watoto, kukutelekeza kwa makusudi, yote hayo yametajwa kwenye kifungu cha 107, lakini yametajwa kama ushahidi wa kuvunjika huko. Kwa hiyo usiende mahakamani kusimulia ubaya wake tu, maana hata wanandoa wanaorudiana wana ubaya wa kusimulia. Nenda kuonyesha kwamba hapajabaki ndoa.

Na hapo una kesi nzuri kuliko unavyofikiri. Kwa upande wa kuhama nyumbani, sheria inataka awe amekuacha kwa makusudi kwa angalau miaka mitatu, hivyo hilo peke yake halijaiva. Liache lisaidie, lisibebe. Beba ugoni na ukatili. Kwa ugoni sheria inaangalia hasa kama umerudiwa, au umeendelea baada ya mwenzi kulalamika. Kama ulimwandikia ujumbe ukamlalamikia akakujibu, hiyo simu ni mali. Usifute kitu, na usitegemee picha za ujumbe peke yake. Itunze simu yenyewe, maana utaulizwa ujumbe ulitoka wapi na nani aliupokea. Kwa kipigo, pamoja na PF3 tafuta karatasi za hospitali uliposhonwa, na mtu aliyekupeleka. Shahidi aliyeona damu anawazidi mashahidi kumi waliosimuliwa.

Jambo jingine ambalo wengi hulikwepa: ombi la talaka linatakiwa kueleza pia makosa yako mwenyewe ya kindoa, kama yapo. Ukiyaficha, wakili wake atayatoa mbele ya hakimu kwa namna anayotaka yeye. Mwambie wakili wako kila kitu ofisini.

Kabla ya mahakama kuna baraza la usuluhishi la ndoa. Hapa ndipo kesi nyingi zinapofia. Nimeshaletewa karatasi imeandikwa mstari mmoja, «wameshindwana, waende mbele», na mhuri umegongwa pembeni. Hiyo ni barua. Sheria inataka hati ambayo baraza linaeleza lililoyabaini na kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na iwe imetolewa si zaidi ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Isome palepale, kabla hujatoka mlangoni, uhakikishe majina na tarehe. Kama ataitwa akagoma kwa makusudi, kukataa kwake hakukufungii njia, kwani ni miongoni mwa sababu zinazokuruhusu kwenda mahakamani bila usuluhishi. Omba baraza liandike kwamba aliitwa na hakuja. Baraza lenyewe, liwe la kata au la dini, halina uwezo wa kuvunja ndoa wala kugawa mali. Wakianza kugawa magodoro, waache wamalize, kisha waombe hati yako.

Cheti alichochukua kisikutese, nakala inapatikana kwa njia ya RITA, wakala wa serikali wa usajili. Shauri unaweza kulifungua mahakama ya mwanzo au ya wilaya. Kama roho bado haijakubali talaka, unaweza kuomba amri ya kutengana: hulazimiki tena kuishi naye, ila hakuna kati yenu atakayeweza kuanza maisha kama mtu huru. Na uelewe kwamba talaka ya mahakama haikugusi kanisani. Hilo ni la padri au mchungaji wako, na lina taratibu zake.

Nyumba yote kuwa yako kwa sababu ana mwanamke? Hapana. Mali mliyochuma pamoja inagawanywa kwa kuangalia mchango wa kila mmoja, wa fedha, mali au kazi, pamoja na madeni na mahitaji ya watoto, kisha mahakama huelekea kwenye usawa. Jina kwenye hati halimalizi mjadala, na kukaa nyumbani na watoto ni mchango. Mahakama ya Rufani ilisema hivyo mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Wanawake wengi wamefaidi kesi hiyo kuliko Bi Hawa mwenyewe, ambaye hakupata mgao kwa sababu ilionekana fedha alizopewa na mumewe kwa biashara alizifuja. Kwa hiyo orodhesha ulichofanya: kiwanja kilinunuliwa lini, nani alisimamia mafundi, nani aliwapikia. Matunzo ya watoto ni dai jingine, lidai ndani ya shauri hilohilo.

Yule mwanamke unaweza kumdai fidia ya ugoni, ni kweli. Ila akithibitisha kwamba hakujua kuwa jamaa ana mke, na hakuwa na namna ya kujua, dai linaanguka. Halafu ujiulize kama ana chochote cha kukulipa. Mimi kwa kawaida nawashauri wateja nguvu hizo wazipeleke kwenye nyumba.

Na nyumba ndiyo ya wiki hii, hata kabla ya baraza. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, lakini mnunuzi akishalipa utajikuta unagombana na watu wawili badala ya mmoja. Nenda ofisi ya ardhi na nakala ya hati au namba ya kiwanja, ueleze kwamba wewe ni mke, na uombe kuweka zuio. Mjulishe na mwenyekiti wa mtaa kwa maandishi, abaki na nakala moja, nyingine akugongee mhuri, kwa sababu wanunuzi wengi huanzia kwake. Ukikosa fedha za wakili, waulize TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, au watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa mkoani kwako; huduma yao ni ya bure kwa asiye na uwezo, na ombi la talaka wanalijua kuliandika.