Funga nyota, usikubali mnyororo

Kijana mmoja wa Makorora ameniandikia: "Kaka, nimepata ofisi ya kompyuta 20 niifungie mtandao, ila bosi anataka nipunguze waya. Nifanyeje?" Mdogo wangu, swali lako limenigusa penye kidonda. Kazi kama hiyo niliwahi kunyang'anywa hapa hapa Tanga.

Ilikuwa ofisi moja ya Chumbageni. Nilipima vyumba vyote, nikachora nyota: swichi kubwa (kifaa kinachounganisha kompyuta na kuzigawia mtandao) katikati, kila kompyuta na waya wake. Mwenye ofisi alipoona gharama ya waya akamwita fundi mwingine, naye akaweka swichi ndogo kila chumba na kuziunga moja baada ya nyingine, kama mnyororo, mpaka chumba cha mwisho. Niliumia, sifichi. Mwezi uliopita nikapigiwa simu: swichi ya chumba cha pili imekufa, na vyumba vyote vinavyofuata havipati seva (kompyuta kuu ya ofisi) wala intaneti. Nikafunga nyota, kwa mchoro wangu ule ule walioukataa. Leo waya mmoja ukikatika, inalala kompyuta moja tu.

Mipango mingine utaisikia. Upo uitwao "basi" (bus), yaani vifaa vyote juu ya waya mmoja mkuu, lakini umepitwa na wakati: waya ukikatika mahali pamoja, ofisi nzima inasimama. Pete, yaani kila kifaa kuungwa na jirani yake mpaka duara lifunge, nayo sijaiona ofisini siku hizi. Matundu kamili, kila kifaa kuungwa na kila kingine, ni imara sana, lakini vifaa 10 tu vinadai viungo 45. Nani atalipa?

Nyota nayo ina roho moja: swichi ya katikati ikifa, wote wamelala. Kwa hiyo ifungie kwenye kabati lenye hewa, iwekee UPS (betri ya kuishikilia umeme ukikatika), na waya wa shaba usizidi mita 100 kutoka swichi hadi kompyuta.

Vijana, tuache kuuza kazi mbovu kwa kuogopa kumpoteza mteja! Mteja ataondoka, ila jina lako litabaki ukutani kwake pamoja na zile swichi. Mpigie bosi hesabu mbele yake: kompyuta 20 kwa wastani wa mita 25 ni mita 500, na boksi moja la waya lina mita 305. Maboksi mawili yanatosha na kubaki. Akikataa bado, andika kwenye makubaliano kwamba mnyororo ameuchagua yeye, atie sahihi kabla hujatoboa ukuta.