Maswali ya Wasomaji: Fohendi Fupi, Bega Linalouma

SWALI: Nacheza tenisi kwa mkono wa kulia. Fohendi yangu, yaani pigo la upande wa mkono unaoshika raketi, naipiga kwa nguvu zote, lakini mpira unaangukia karibu na wavu. Nikikaza zaidi unatoka nje, na jioni bega linauma. Ninunue raketi nzito? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Usinunue. Raketi nzito italiumiza bega hilo zaidi. Tunavyoona, mkono wako unafanya kazi ya mwili mzima.

Anza na mabega. Mara unapotambua kuwa mpira unakuja fohendi, geuka, huku kiganja cha kushoto kikibaki kwenye shingo ya raketi mpaka bega la kushoto lielekee wavuni. Hilo liwe tayari kabla mpira haujadunda upande wako. Wanaongoja udunde hukutana nao ukiwa umeshafika ubavuni mwao, kiwiko kimebanwa, na hapo bega ndilo linalolipia. Mpira upigwe ukiwa mbele ya mwili, kimo cha kiuno.

Uzito uwe mguu wa kulia, goti limekunjwa. Sukuma ardhi: nyonga itangulie, kifua kifuate, mkono uje mwisho ukiwa umelegea. Mkono uliokakamaa hupunguza mwendo wa kichwa cha raketi, na mwendo huo ndio nguvu unayoitafuta. Malizia raketi ikiwa juu ya bega la kushoto. Ukiisimamisha ghafla kifuani, bega la kulia ndilo linalofunga breki.

Mpira unatoka nje kwa sababu hauzunguki. Shusha kichwa cha raketi chini ya mpira, kisha piga ukipanda, ukilenga mita moja hivi juu ya wavu, ambao katikati una sentimita 91.4. Mpira unaozunguka kwenda mbele hushuka mapema. Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na mpira huruka mbali kuliko Mombasa, kwa hiyo mzunguko huo unauhitaji zaidi. Ipo pia mipira iliyotengenezwa kwa maeneo yanayozidi mita 1,219, ukiipata, itumie.

Zoezi zuri: simama ubavu ukutani, shika kwa mikono miwili mpira mzito wa kilo 2, uurushe ukutani kwa kuzungusha nyonga. Mara 8 kila upande, seti 3. Lakini ngoja kwanza bega lipoe, na maumivu yakiendelea hata ukipumzika, muone daktari.

SWALI: Bekhendi yangu ya mikono miwili, yaani pigo la upande wa pili, haina kasi. Nifanyeje?

JIBU: Kwa anayetumia kulia, mkono wa kushoto ndio injini ya pigo hili. Shika raketi kwa kushoto peke yake, karibu na shingo, urushiwe mipira 20 taratibu na uipige kama fohendi ya kushoto. Kisha rudisha mkono wa kulia chini kabisa ya mpini, uelekeze tu, usivute.