Pete ilipokataa kutoka: presha yangu ya mimba

Mimba yangu ya kwanza, wiki ya 33, pete ya ndoa iligoma kutoka kidoleni. Nikapaka sabuni, nikapaka mafuta ya nazi, wapi. Mama mkwe akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, kuvimba ni kawaida, umekaribia." Amezaa sita, nikamwamini. Kichwa kilichokuwa kikinigonga tangu juzi yake nikakisingizia jua la Morogoro.

Kilichonipeleka hospitali ni macho. Nilikuwa napeta mchele nikaona vimulimuli vinacheza kwenye ungo; nikifumba macho, bado vipo. Nesi alinipima presha mara mbili: 170 kwa 115. Mkojo ulikuwa na protini. Sikurudi tena kwenye benchi.

Nikiwa kitandani nilifungua kadi yangu ya kliniki. Hudhurio lililopita, kwenye nafasi ya presha, kulikuwa na kistari tu. Siku ile kipimo kilikuwa kibovu, na mimi nilijisikia vizuri, nikaenda zangu nyumbani. Kile kistari kinaniuma mpaka leo.

Dada zangu, presha ya mimba si ugonjwa wa wachache. Karibu mjamzito 1 kati ya 10 hupata tatizo la presha. Wapo walioingia nayo kwenye mimba, na wapo inaowaanza baada ya wiki ya 20. Ikifika 140 kwa 90 imeshapanda. 160 kwa 110 ni dharura ya siku hiyo hiyo. Isipotibiwa inaweza kuleta kiharusi, kuharibu figo na ini, au kuleta degedege, yaani kifafa cha mimba. Mama akianguka na kukakamaa, nyumbani watu husema ana mashetani, wakaanza kutafuta ubani wakati anahitaji gari la kumkimbiza hospitali.

Mtoto naye anaumia. Mara nyingi mishipa inayolisha kondo la nyuma huwa haikufunguka vizuri, kwa hiyo chakula na hewa vinamfikia kwa shida. Anaweza kudumaa, kuzaliwa njiti, au kufia tumboni. Kondo nalo linaweza kubanduka kabla ya wakati.

Mimi nilichomwa magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege (mwili mzima uliwaka joto kama nimeinamia jiko la mkaa), nikapewa dawa za kushusha presha na sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Baada ya siku mbili nikafanyiwa upasuaji, maana dawa hutuliza tu. Lazima mtoto na kondo vitoke ndipo ugonjwa uanze kuondoka. Binti yangu alikuwa na kilo 1.6. Nililala naye kifuani, ngozi kwa ngozi, wiki tatu.

Kwa hiyo kila ukienda kliniki, uliza: "Presha yangu ni ngapi?" Usikubali kuambiwa "iko sawa" tu. Taja namba, ziandikwe, na mkojo upimwe. Kipimo kikiwa kibovu, nenda kituo kingine siku hiyo hiyo. Kichwa kisichotulia, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso na mikono kuvimba ghafla: usisubiri tarehe ya kliniki. Na usiazime dawa ya presha ya mama au shangazi; enalapril na losartan, kwa mfano, zinamdhuru mtoto aliye tumboni. Kupunguza chumvi peke yake hakutakukinga.

Kama ni mimba ya kwanza, una mapacha, una kisukari au ugonjwa wa figo, au ilishakupata huko nyuma, mwambie daktari mapema. Mimba yangu ya pili alinianzishia aspirini ya dozi ndogo kabla ya wiki ya 16. Hiyo usijinunulie mwenyewe dukani, akupangie yeye.

Jambo ambalo sikuambiwa na mtu ni kwamba hatari haiishi mtoto akishalia. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kujifungua, na presha inatakiwa ifuatiliwe mpaka wiki ya sita. Tuliowahi kuugua tuna hatari kubwa zaidi ya presha na magonjwa ya moyo huko mbele. Kila nilipompeleka binti yangu kupimwa uzito, akishashuka kwenye mzani, nilimpa wifi yangu ambebe, nami nikanyoosha mkono nipimwe.